Gharama za Chuo Kikuu Hupunguzwa Kabla ya Kufika Chuoni

Mada iliyotolewa kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita pamoja na wazazi wao



Mada niliyokabidhiwa na Tume ya Haki na Amani yauliza ni kwa namna gani mwanafunzi ambaye bado yupo sekondari anaweza kuipunguza gharama ya masomo yake ya juu. Huenda mtu akasema kwamba mada ya namna hii ingemfaa mhasibu kuliko padre. Lakini mhasibu haketi katika ofisi ya parokia kati ya mwezi wa Julai na Oktoba. Katika miezi hiyo huja wazazi wakiwa na barua ya mtoto ya kukubaliwa chuoni, barua ambayo ingepaswa kuwa furaha ya nyumba nzima, nao huuliza kama Padre anamfahamu mtu wa kununua shamba. Shamba linalouzwa kwa haraka huuzwa kwa bei ya hasara. Na mara nyingi ni shamba lilelile ambalo lingewalisha na kuwasomesha wadogo zake huyo aliyekubaliwa. Kwa hiyo, tunapozungumzia gharama za chuo, tunazungumzia pia haki ya watoto ambao bado wako darasa la tatu na la nne, wasioitwa kwenye kikao wakati jambo hilo linapoamuliwa.

Fedha hizi ni za nani?

Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwezi Oktoba 1961, wanafunzi wake wa kwanza walikuwa kundi dogo la vijana wa sheria. Kwa muda mrefu baada ya hapo, kijana aliyefaulu kufika Chuo Kikuu alitunzwa kwa fedha ya umma. Wazee hapa watakumbuka mwezi Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kutumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa sehemu tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwafukuza takriban 400 kati yao, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mtu anaweza kuijadili adhabu ile kama ilikuwa kali mno au la. Mimi naona ilikuwa kali. Lakini swali lililokuwa nyuma yake, yaani mkulima anamdai nini msomi aliyesomeshwa kwa jasho lake, bado halijapata jibu.

Mwaka 1992 nchi yetu ilianza kutekeleza sera ya kuchangia gharama za elimu ya juu, na mzigo ukaanza kurudi kidogo kidogo nyumbani kwa mwanafunzi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwezi Julai 2005. Kwa upande wa chini mambo yamekwenda kinyume chake: ada ya sekondari za umma iliondolewa kuanzia Januari 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa kwa kidato cha tano na cha sita. Ndiyo kusema kwamba familia nyingi hukutana na gharama kubwa ya kwanza ya shule pale mtoto anapomaliza kidato cha sita, wala hazikujiandaa, kwa kuwa hadi hapo hazikuwa zikidaiwa ada. Mzazi mwenye busara angeihesabu ile ada aliyosamehewa kana kwamba bado anaidaiwa, akaiweka akiba kila muhula. Najua wengi wenu hamna cha kuweka. Wapo pia walio nacho.

Mkopo ni deni

Neno “bumu” mmelisikia tangu mkiwa kidato cha kwanza, nanyi mnalitamka kama vile linadondoka toka mawinguni. Hebu tulifanyie hesabu. Kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023 fedha ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Tuchukue siku 240 kwa mwaka: hizo ni 2,400,000. Ada katika vyuo vikuu vya umma, kwa masomo mengi, imekuwa kati ya milioni moja na milioni moja na nusu. Tuchukue milioni moja. Vitabu na viandikwa 200,000. Tuongeze laki nne za mafunzo kwa vitendo. Jumla ni milioni nne kwa mwaka, na kwa shahada ya miaka mitatu ni milioni kumi na mbili.

Sheria ilivyorekebishwa mwaka 2016 yamtaka mwajiri amkate mdaiwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Kabla ya hapo wengi walikuwa wakikatwa asilimia 8. Tumpe kijana wetu mshahara wa msingi wa shilingi 700,000. Atakatwa 105,000 kila mwezi, na deni lake litakwisha baada ya miezi 114, yaani miaka tisa na nusu. Kama wazazi waliweza kumlipia ada tu, ile milioni moja kwa mwaka, deni lashuka hadi milioni tisa, naye atamaliza baada ya miaka saba na miezi kama miwili. Na kama alirudia mwaka mmoja, au alianza kozi moja akaiacha akaanza nyingine, mwaka huo wa ziada una gharama ileile ya milioni nne. Akiulipa kwa makato hayohayo, ni zaidi ya miaka mitatu ya kazi. Hiyo ndiyo bei ya kuchagua masomo kwa kufuata rafiki.

Sisemi haya ili kuwatisha msikope. Mtoto wa maskini asipokopa hasomi, na mkopo huu ni mwepesi kuliko mkopo wowote wa benki, hasa tangu mwaka 2021, ilipoondolewa ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha. Nasema ili mjue kwamba kila shilingi isiyohitajika mnayoiepuka leo, mnajiondolea makato mkiwa na umri wa miaka thelathini, wakati ninyi wenyewe mna watoto wa kusomesha.

Karatasi

Hapa nitakaa kwa muda mrefu kidogo, kwa sababu nimeona vijana wengi wakikosa mkopo kwa ajili ya karatasi kuliko kwa ajili ya alama.

Tulikuwa na binti hapa, sitamtaja jina. Alifaulu vizuri. Baba yake alifariki akiwa mdogo, akazikwa kijijini, na hakuna aliyefikiria cheti cha kifo. Watu walifikiria sanda, jeneza na chakula cha waombolezaji. Mama akamlea kwa kuuza mboga. Ilipofika wakati wa kuomba mkopo, yule aliyestahili kuliko wengine wote hakuweza kuonesha kwamba ni yatima. Alikwenda kwa mtendaji wa kijiji, akatumwa wilayani, akarudishwa kutafuta mashahidi, na alipokipata hatimaye cheti, dirisha la maombi lilikuwa limefungwa. Akakaa nyumbani mwaka mzima. Alikuja kusoma mwaka uliofuata, lakini mwaka ule nani atamrudishia?

Mwombaji wa mkopo huhitaji cheti cha kuzaliwa, na aliyefiwa na mzazi huhitaji cheti cha kifo. Vyeti hivyo sharti vihakikiwe na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Fomu yenyewe hutiwa saini na kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, na mdhamini, na huthibitishwa mbele ya hakimu au kamishna wa viapo. Kaya iliyo katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini iwe na kumbukumbu zake tayari. Aliyesomeshwa na mfadhili awe na barua ya mfadhili. Mwenye ulemavu athibitishwe na daktari mwenye mamlaka hayo. Pia namba ya NIDA na akaunti ya benki iliyo kwa jina lako mwenyewe. Mambo haya hayahitaji matokeo ya mtihani. Yote, au karibu yote, yaweza kuanza kushughulikiwa mkiwa kidato cha tano, wakati foleni ni fupi na hakuna anayekimbizana na tarehe.

Kisha kuna suala la majina, ambalo ni ugonjwa wa nchi yetu. Mtoto alibatizwa Yohane, shuleni mwalimu akaandika John, kwenye cheti cha kuzaliwa yupo kwa jina la babu, na kwenye NIDA herufi moja imekosewa. Kwake yeye na mama yake ni mtu mmoja. Mbele ya mashine ni watu wanne. Ombi la mkopo hufuata namba yenu ya mtihani wa kidato cha nne, kwa hiyo jina lililo kwenye cheti hicho ndilo la kulinganisha na mengine yote. Laleni na vyeti vyenu mezani usiku mmoja, mvisome herufi kwa herufi. Penye tofauti, tafuteni mapema ushauri wa kisheria kuhusu kiapo au hati ya kuthibitisha jina.

Kwa wale ambao hawakusajiliwa walipozaliwa, cheti cha ubatizo hupokelewa kama moja ya vielelezo vya kuombea cheti cha kuzaliwa. Vitabu vyetu vya ubatizo viko, vingine karatasi zake zimeanza kuwa za kahawia, lakini vinasomeka.

Na sasa nitasema neno lisilopendeza. Kila mwaka huja mtu, tena mara nyingine mtu mwenye heshima zake, akiomba barua ya kuthibitisha kwamba mtoto wake ni yatima, ilhali baba yupo anamsubiri nje kwenye gari. Hoja yake ni kwamba “wote wanafanya hivyo.” Fungu la mikopo la kila mwaka lina mwisho wake. Jina linaloingia kwa uongo humtoa mtu, na anayetolewa si mtoto wa tajiri, kwa sababu huyo hakuomba. Anayetolewa ni kama yule binti wa mboga. Kughushi cheti cha kifo cha baba aliye hai ni kosa la jinai. Lakini hata kama lisingekuwa jinai, ni wizi ambao mwenye kuibiwa hatamjua kamwe mwizi wake. Barua hiyo mimi siandiki.

Jihadharini pia na steshenari. Najua ndiko kwenye kompyuta na intaneti, na vijana wengi wanaofanya kazi humo ni waaminifu. Ila wengine huandika namba yao ya simu na barua pepe yao badala ya yako, wakabaki na neno la siri, na siku ya kurekebisha kasoro humpati mtu. Fomu yako ijaze mwenyewe, na namba ya simu iwe yako au ya mzazi. Ukitoka hapo hakikisha kurasa zenye saini zimeingia zote. Bodi imekuwa ikitoa siku chache za kurekebisha maombi yenye kasoro, na baada ya majina kutoka huwa kuna nafasi ya kukata rufaa. Asiyekuwa na neno lake la siri hupitwa na yote mawili.

Kuchagua chuo na masomo

Tangu mwaka 2017 waombaji wa shahada hupeleka maombi moja kwa moja vyuoni, na kila chuo hutoza ada yake ya maombi. Nimekutana na kijana aliyeomba vyuo tisa. Vitano kati ya hivyo hakuwa na sifa za kozi alizoziomba, tena jambo hilo limeandikwa wazi katika mwongozo ambao Tume ya Vyuo Vikuu hutoa kila mwaka. Msingi wa jumla kwa wahitimu wa kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili makuu yenye jumla ya alama nne, ambapo A ni tano na E ni moja. Lakini kila kozi ina masharti yake juu ya huo. Mwongozo huo usomeni mkiwa kidato cha tano, ili mjue tahasusi mliyomo inafungua milango ipi. Wengi hugundua wakiwa wameshamaliza mtihani.

Tazameni urefu wa kozi. Ualimu ni miaka mitatu, uhandisi minne, udaktari mitano na baadaye mwaka wa mafunzo ya kazi. Udaktari katika chuo kisicho cha umma hugharimu mara kadhaa ya ada niliyoitaja. Nami niseme ukweli hata kwa upande wetu: vyuo vya Kanisa, kikiwemo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kilichoanzishwa na Maaskofu mwaka 1998, hutegemea ada ili viishi. Msichague chuo kwa sababu tu ni cha kwetu. Chagueni kwa kuwa kozi ni nzuri na mnaweza kuilipia hadi mwisho, maana aliyesoma miaka miwili akakwama wa tatu amepoteza fedha bila kupata shahada.

Kijana anayeweza kukaa kwa shangazi na kwenda chuoni kwa miguu au kwa daladala moja asikidharau chuo cha mkoani kwake kwa kuwa hakina jina kubwa. Pango na nauli hula zaidi ya ada. Aidha, kipo Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, chenye vituo mikoani. Humo mtu husoma huku akifanya kazi yake. Kinahitaji nidhamu kubwa, kwa sababu hakuna kengele wala mwenzako wa kukuamsha. Siwashauri wale ambao hadi leo huamshwa na mama.

Kwa walio na wadogo zao kidato cha nne: ipo njia ya stashahada. Aliyemaliza stashahada kwa wastani wa 3.0 au zaidi anaweza kuomba shahada, naye amekwisha kupata ujuzi wa kumwingizia riziki njiani. Tangu mwaka 2023/2024 baadhi ya kozi za stashahada zimeingizwa katika mikopo. Sielewi kwa nini wazazi wetu huiona njia hii kama aibu. Fundi sanifu mwenye kazi anayeendelea na shahada akiwa na umri wa miaka ishirini na sita amepata hasara gani?

Na wale wa sayansi wenye uwezo mkubwa: tangu mwaka wa masomo 2022/2023 upo ufadhili wa Samia Scholarship kwa waliofanya vizuri sana katika masomo ya sayansi kidato cha sita, nao si mkopo. Saa mbili za ziada za fizikia kila jioni zaweza kuwa na thamani ya shamba zima la baba. Kwa wengine wote, kusoma kwa bidii sasa kuna faida isiyoonekana upesi: chuoni masomo hutolewa kwa Kiingereza, na asiyezoea kusoma kitabu kizima kwa lugha hiyo ndiye hupata “sapu” mwaka wa kwanza, na wengine “hudisko” kabisa.

Sherehe

Wazazi, sasa ni zamu yenu. Nimealikwa kwenye mahafali ya kidato cha sita ambapo palikuwa na keki ya ngorofa tatu, mashada ya maua, magari ya kukodi na mpiga video. Matokeo hayakuwa yametoka bado. Miezi mitatu baadaye baba yuleyule alikuja ofisini kuomba msaada wa godoro na nauli. Sina ugomvi na furaha. Lakini kamati inayoweza kukusanya michango ya sherehe kwa wiki sita, yenye mwenyekiti, mweka hazina na daftari, inaweza pia kukusanya mchango wa ada. Jumuiya Ndogo Ndogo mbili za parokia hii zimejaribu: badala ya zawadi za vitenge na saa za ukutani, walioalikwa waliweka fedha kwenye bahasha moja, na bahasha ikapelekwa benki mbele ya watu watatu. Haikutosha kwa mwaka mzima. Ilitosha kwa muhula wa kwanza, kabla fedha ya Bodi haijafika, na huo ndio wakati ambao vijana hukopa kwa watu wabaya, wengine wakiweka rehani kadi zao za benki, na mabinti wakiwekewa masharti ambayo sitayataja mbele ya watoto.

Nanyi vijana, kati ya mtihani wa mwezi wa Mei na kufunguliwa kwa vyuo kuna miezi mitano. Wengine mtaitwa JKT kwa sehemu ya muda huo. Muda unaobaki una thamani ya fedha kwa anayefuga kuku, anayefundisha watoto wa jirani hesabu, au anayemsaidia mjomba dukani kwa ujira uliokubaliwa mapema. Kwa anayeutumia kwenye vibanda vya kubeti, nao una gharama, na wenye vibanda wanaijua vizuri zaidi yake.

Jumamosi hii baada ya Misa ya asubuhi, katibu wa parokia na mwanasheria wa Tume watakuwa ofisini hadi saa nane mchana. Wa kidato cha tano waje kwanza. Njoo na cheti cha kidato cha nne, cheti cha kuzaliwa kama unacho, namba ya NIDA, na jina la kigango ulikobatizwa pamoja na mwaka. Aliyefiwa na mzazi ambaye hana cheti cha kifo aje na mtu mzima wa ukoo aliyekuwepo mazishini. Safari ya wilayani tutaipanga Jumatatu, na nauli ya wasio nayo itatoka kwenye mfuko wa Tume.